Maswali ya Wasomaji: Skrini za Matangazo Kwenye Dirisha la Duka

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye maduka na ofisi waliofunga skrini za matangazo dirishani, au wanaojiandaa kufunga. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na maswali tumeyafupisha.

SWALI: Nimefunga runinga ya inchi 55 ndani ya dirisha la duka, inatazama barabarani. Asubuhi na usiku inaonekana safi. Kuanzia saa nne mpaka saa kumi, mtu akisimama nje anajiona mwenyewe tu kwenye kioo. Mwanga nimeupandisha hadi mwisho. Je, runinga ni mbovu? – Muuza viatu

JIBU: Runinga ni nzima, ila kazi uliyoipa siyo yake. Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti, na runinga ya sebuleni hutoa kati ya niti 250 na 400. Sasa angalia inashindana na nini. Jua la mchana lisilo na wingu hufikia takriban luksi 100,000 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu, niti mwanga unaotoka kwenye kitu). Ukuta wa rangi nyepesi ng'ambo ya barabara, ukirudisha nusu tu ya mwanga huo, unang'aa kwa karibu niti 16,000. Kioo cha kawaida cha dirisha nacho hurudisha kama asilimia 8 ya mwanga unaokifikia, asilimia 4 kila uso. Piga hesabu: taswira ya ukuta ule kwenye kioo chako ina zaidi ya niti 1,200. Skrini ya niti 350 iliyo nyuma yake itamezwa tu, na hakuna mahali kwenye menyu utakapobonyeza pabadilishe hilo. Dirisha la vioo viwili vilivyopandana ndiyo zaidi, kwa sababu nyuso zinakuwa nne.

Kwa hiyo unaponunua skrini ya dirishani, uliza niti kwanza, inchi baadaye. Ndani ya jengo, dirisha likitazama ukumbi usiofikiwa na jua, niti 700 zinatosha. Dirisha linalotazama nje lakini liko kivulini kutwa linataka 1,500 hadi 2,500. Linalopigwa na jua lenyewe linataka 2,500 hadi 4,000. Kama fedha haitoshi, ni bora ununue skrini ndogo yenye mwangaza wa kutosha kuliko kubwa iliyofifia. Ile kubwa utakuwa umeinunulia usiku peke yake.

Usivutwe na runinga inayotangazwa kuwa na niti 1,000 au zaidi za HDR, yaani picha zenye tofauti kubwa ya mwanga na giza. Namba hiyo hupimwa kwenye kipande kidogo cheupe katikati ya skrini, tena kwa muda mfupi. Ukijaza skrini nzima rangi nyeupe, nyingi hushuka sana.

Kagua pia kioo chenyewe. Karatasi ya tinti inayopitisha nusu ya mwanga inaifanya skrini ya niti 2,500 iwe ya 1,250 kwa aliye nje. Ikate tinti ile sehemu inayokabili skrini tu, kwingine iache.

Wakati unajipanga, badilisha matangazo yako ya mchana: mandhari iwe nyeupe au njano, maandishi yawe meusi. Wengi hupenda mandhari nyeusi kwa sababu inapendeza kwenye kompyuta ya mbunifu, lakini nyuma ya kioo cha dirisha eneo jeusi hugeuka kioo cha kujitazamia. Taswira za nje huonekana zaidi pale skrini inapotoa mwanga kidogo.

SWALI: Skrini yangu ni ya matangazo kweli, si runinga. Kila siku mchana doa jeusi linaanza katikati, linapanuka, kisha jioni linatoweka. Fundi anasema paneli imekufa. – Mwenye duka la vifaa vya ofisi

JIBU: Paneli iliyokufa haifufuki jioni. Hilo ni joto. Ndani ya skrini ya LCD kuna kimiminika cha fuwele ambacho kazi yake ni kuuzungusha mwanga. Kikifika kiwango fulani cha joto, kwa paneli za kawaida kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi, mpangilio wake unavurugika na sehemu hiyo inakuwa nyeusi. Ikipoa, mpangilio unarudi. Paneli zilizotengenezwa kwa ajili ya jua huvumilia hadi nyuzi 110 hivi. Ukinunua nyingine, namba hiyo itafute kwenye karatasi ya maelezo.

Usidhani taa za ndani ya skrini ndizo zinazoipika. Jua likipiga moja kwa moja huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na skrini ya inchi 55 ina eneo la mita za mraba 0.83. Hata nusu yake tu ikipenya kioo, ni zaidi ya wati 400 zinazotua juu ya uso mweusi, na huenda zikazidi umeme ambao skrini yenyewe inatumia.

Mara nyingi kosa huwa kwenye kabati. Watu huifunika skrini kwa mbao nyuma na pembeni ili nyaya zisionekane, kisha huibananisha na kioo. Hewa haina pa kupita. Acha sentimita 10 kati ya skrini na kioo, na nyingine 10 nyuma. Toboa matundu chini na juu ya kabati. Hewa baridi iingilie chini, ya moto itokee juu. Ukiweka feni, ziwe juu na zivute hewa kutoa nje, maana zikisukuma hewa kuelekea chini zinapigana na joto linalotaka kupanda. Chujio za vumbi safisha kila mwezi. Mahali penye vumbi jingi, kila wiki mbili.

Usilivumilie doa hilo kwa kuwa linaondoka lenyewe. Kapasita za ugavi wa umeme hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na gundi za paneli hugeuka njano. Skrini itakufa kweli, kwa sababu nyingine.

SWALI: Watoto wanapita nje na rimoti na kubadilisha chaneli. Nifanyeje? – Kinyozi

JIBU: Mwanga wa rimoti hupenya kioo bila shida. Skrini za matangazo zina kipengele cha kufunga rimoti na vitufe kwenye menyu. Kiwashe, ukiandika pembeni namba ya kukifungulia. Runinga ya kawaida mara nyingi haina. Tafuta jicho la rimoti, lile doa dogo jeusi chini ya fremu, na ulibandike utepe mweusi mzito tabaka mbili. Jaribu kwa rimoti yako kutoka hatua tatu kabla hujaridhika. Ukiwa hapo, badilisha pia nenosiri la kiwandani la kisanduku cha kuchezea matangazo.

SWALI: Nataka skrini isimame wima. Naweza kuigeuza runinga niliyonayo? Na kwa nini baadhi ya wateja wanasema skrini ya jirani yangu wanaiona nyeusi tupu? – Mwenye duka la miwani

JIBU: Kuigeuza inawezekana, kudumu ndiko kugumu. Matundu ya hewa ya runinga yamepangwa kwa kulala. Ukiisimamisha, joto hukusanyika upande mmoja, na mara nyingi dhamana huondoka. Skrini za matangazo hutengenezwa kwa mikao yote miwili, lakini kitabu chake husema ni upande upi uelekee chini. Uheshimu. Skrini ileile ikigeuzwa kinyume inaweza kuwa moto zaidi, kwa sababu tu njia ya hewa imeishia sakafuni.

Picha ziandae kwa pikseli 1,080 kwa upana na 1,920 kwa kimo, na kazi ya kuzizungusha iachie programu ya kuchezea. Nyingi za runinga hazina uwezo wa kuzungusha picha zenyewe, kwa hiyo flashi peke yake haitatosha. Itabidi upate kisanduku.

Kuhusu weusi: waulize hao wateja kama walikuwa wamevaa miwani ya jua ya polaroidi. Wewe unaziuza, unazijua. Mwanga unaotoka kwenye LCD huwa tayari umechujwa kuelekea upande mmoja, na miwani hiyo nayo huchuja. Vichujio viwili vikikingamana, hakuna kinachopita. Baadhi ya skrini huonekana vizuri zikiwa zimelala na kuwa nyeusi zikisimamishwa, nyingine ni kinyume chake. Siku ya kununua nenda na miwani moja, mwombe muuzaji asimamishe skrini jinsi utakavyoifunga, kisha itazame. Zipo zilizowekewa tabaka la kuondoa tatizo hili, na kwa dirisha la nje, ambako wapita njia wengi wamevaa miwani mchana, tungelipia tofauti hiyo.

SWALI: Nina tangazo zuri la sekunde 30, limetengenezwa na watu wa video. Hakuna anayesimama kulitazama. Niongeze sauti? – Mwenye duka la dawa

JIBU: Usiongeze sauti. Kioo kitaizuia, na wafanyakazi wako ndani watachoka nayo kabla ya wiki kwisha. Tatizo ni muda. Mtu hutembea karibu mita 1.4 kwa sekunde. Dirisha la mita nne analimaliza kwa sekunde tatu. Video ya sekunde 30 inayoanza na picha za kupendeza, ikajenga hamu, na kufichua bei au jina mwishoni, huwafikishia ujumbe wale wachache tu waliotokea kupita katika sekunde zile za mwisho. Wengine wote wameona mawingu na mtoto anayecheka.

Tangazo la dirishani lazima lieleweke kwa kipande chochote utakachokikata. Fanya jaribio hili: simamisha video mahali kumi popote, na kila mara uliza, je, anayeona picha hii moja anajua kinachouzwa na nani? Kama mahali saba hajui, rudisha kazi kwa watengenezaji. Jina la bidhaa na ofa vibaki kwenye skrini muda wote, kinachosogea kiwe kitu kingine: rangi ya nyuma, chupa inayozunguka polepole. Maneno matano hadi saba kwa picha moja yanatosha. Picha tatu za sekunde tano kila moja hufanya kazi kuliko sita.

Ukubwa wa herufi upime kwa umbali, usiupime kwa macho ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Kanuni nzuri ni sentimita moja ya kimo kwa kila mita ya umbali. Kama unamlenga mtu aliye ng'ambo, mita 8, herufi iwe na sentimita 8. Skrini ya inchi 55 iliyolala ina kimo cha sentimita 68.5 na pikseli 1,080, yaani karibu pikseli 16 kwa sentimita. Herufi yako ni ya pikseli 128. Mbunifu akikuletea maandishi ya pikseli 40, mwambie hayo ni ya aliyebandika pua kwenye kioo. Tumia herufi nene zisizo na mikia.

Tazama pia mkao. Skrini iliyo sambamba na kioo inaonekana vizuri kwa aliyefika mbele yake tu, na akifika, muda wake umeisha. Ikiwa watu wengi huja kutoka upande mmoja, igeuze nyuzi 30 hadi 45 kuwaelekea. Kama haigeuki, nunua paneli ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazipauki ukiitazama kwa pembeni. Za VA hupauka.

Na usimruhusu mtu akuwekee vitu vinavyomwekamweka ili kuvuta macho. Mweko unaozidi mara tatu kwa sekunde unaweza kuwaletea degedege wenye kifafa cha aina hiyo.

SWALI: Umeme ukikatika na kurudi, skrini inaandika kwamba hakuna mawimbi, na siku nyingine matangazo ya jioni yanatoka asubuhi. Natumia kikompyuta cha Raspberry Pi 4. – Fundi wa duka la simu

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. La kwanza: skrini imewahi kuwaka kabla ya kikompyuta, ikatafuta mawimbi ya HDMI, ikayakosa, ikalala. Ingia kwenye menyu ya skrini, zima kipengele cha kujizima mawimbi yakikosekana, zima pia kubadili chanzo chenyewe, na chagua iwake katika hali iliyokuwamo umeme ulipokatika. Kama ni runinga ya nyumbani, kagua na kipimasaa cha kuokoa umeme: nyingi hujizima baada ya saa 4 bila rimoti kuguswa, na mwenye duka hubaki akilaumu umeme wa mtaani.

La pili: Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimika, saa inasimama. Ikiwaka bila intaneti, inaendelea kutoka pale ilipoishia, na ratiba yote inateleza. Ongeza moduli ndogo ya saa yenye betri ya kifungo, au hakikisha intaneti inapatikana kabla programu ya matangazo haijaanza.

Kukatika huko kwa ghafla pia huharibu kadi ya kumbukumbu, hasa umeme unapokatika wakati kadi inaandikwa. Weka mfumo katika hali ya kusoma tu, au hamia kwenye diski ya SSD. UPS ndogo (betri ya akiba ya umeme) kwa ajili ya kikompyuta peke yake ni nafuu, kwa kuwa kinatumia wati chache. Skrini si lazima uiweke humo.

Matangazo yahifadhiwe ndani ya kikompyuta, yasivutwe kutoka intaneti kila yanapochezwa. Mtandao ukiyumba, utakuwa na duara linalozunguka dirishani. Video ya MP4 yenye kodeki ya H.264, pikseli 1,920 kwa 1,080, fremu 25 au 30 kwa sekunde na megabiti 8 kwa sekunde inatosha kabisa. Sekunde 15 zake ni megabaiti 15 tu. Anayetumia flashi akumbuke kwamba mfumo wa FAT32 haupokei faili linalofikia gigabaiti 4, na baadhi ya runinga hazisomi exFAT, mfumo unaopokea mafaili makubwa.

SWALI: Nimeambiwa niachane na LCD nijenge ukuta wa LED wa mita 1.92 kwa 0.96. Muuzaji mmoja ananipa P5, mwingine P2.5 kwa bei ya juu sana. Pia nimeona ukuta wa mtu ambao weupe wake unakuwa mwekundu-mwekundu upande mmoja. – Muuza samani

JIBU: Namba baada ya P ni milimita kati ya nukta moja na nyingine. Kwa makadirio, P5 huanza kuungana machoni ukiwa mita 5, P2.5 ukiwa mita 2.5, ili itulie vizuri zidisha hiyo mara mbili. Ukuta wako utachukua moduli (vipande vinavyounganishwa) 36 za kawaida za sentimita 32 kwa 16, sita kwa sita. Kwa P5 unapata pikseli 384 kwa 192, kwa P2.5 unapata 768 kwa 384. Kwa maandishi makubwa na bei, P5 inafaa. Kwa picha ya kochi ambalo mteja anatakiwa aone kitambaa chake, akiwa kwenye njia ya miguu mita tatu kutoka kwenye kioo, P5 itakuvunja moyo. Uliza kama kuna P4 au P3. Wauzaji hupenda kuonyesha ncha mbili tu.

Angalia niti pia. Moduli za ndani nyingi hutoa 600 hadi 1,000, na jibu letu la kwanza linazihusu vilevile.

Wekundu ule ni volti zinazopotea njiani. Moduli hutumia volti 5, na kwa volti ndogo namna hiyo waya mwembamba hula sehemu kubwa. LED nyekundu huridhika na volti 2 hivi, za kijani na buluu zinahitaji karibu 3. Umeme ukipungua, hizo mbili hufifia kwanza na weupe unabaki mwekundu. Mwambie fundi ajaze ukuta wote weupe kamili, apime kwa mita kwenye moduli ya mwisho ya kila mstari. Ikisoma chini ya volti 4.5, waya ni mwembamba au ugavi (kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti 5) uko mbali. Ugavi wa volti 5 na ampea 40 una wati 200. Usiupakie zaidi ya 160. Moduli moja inaweza kuvuta wati 20 au zaidi kwenye weupe kamili, kwa hiyo sita kwa kila ugavi, na ugavi sita kwa ukuta wote.

Nunua moduli mbili au tatu za akiba siku ileile, kutoka toleo lilelile la kiwandani. Za mwaka ujao hazitalingana rangi, na kiraka kitaonekana kutoka mbali. Na kama unataka wapita njia wapige picha za ukuta huo, omba wa 3,840 Hz, yaani unaochora picha upya mara 3,840 kwa sekunde. Za kasi ndogo hutoka na mistari myeusi kwenye simu.

SWALI: Skrini yangu ya niti 3,000 inapendeza mchana, lakini usiku jirani wa ghorofa ya juu analalamika. Nizime? – Mwenye ofisi ya safari

JIBU: Huna haja ya kuzima, ishushe. Giza likiingia, niti 300 hadi 500 zinatosha, na hata tangazo litasomeka vizuri zaidi, kwa kuwa mwanga mkali usiku hufanya herufi zionekane kama zimevimba. Skrini nyingi za dirishani zina kihisi cha mwanga. Kama chako hakifanyi kazi, tazama kimefungwa wapi: mara nyingi kimefunikwa na kibandiko cha duka, au kinatazama taa za ndani, hivyo hudhani bado ni mchana mpaka mnapofunga. Kielekeze upande wa nje. Kikishindikana, weka ratiba ya saa ndani ya menyu, ukiirekebisha majira yanapobadilika.

Bili nayo itapungua. Skrini inayotumia wati 300 kwa saa 12 inakula uniti 3.6 kwa siku, na sehemu kubwa ya wati hizo ni taa za nyuma. Kama dirisha linatazama barabara ya magari, pitia kwanza ofisi inayosimamia mabango ya eneo lako: sehemu nyingi zina masharti kuhusu mwangaza wa usiku na picha zinazotembea mbele ya madereva, na wakikutaka ubadilishe baada ya kufunga, gharama ni yako.